Kozi hii ina kazi?

Juma hili ningependa tuzungumze jambo ambalo halipigi kelele kama bei ya sukari, wala halipati nafasi katika kurasa za mbele, lakini kila mwaka inapofika Agosti na Septemba huwanyima watu usingizi katika nyumba nyingi za mji wetu. Nalo ni hili: kijana amemaliza kidato cha sita, amefaulu, ameomba vyuo, amepata, na sasa hajui achague lipi.

Jumatano ya juma lililopita niliitwa Levolosi, katika nyumba moja nyuma ya Soko la Kilombero. Ni nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, ambayo wapangaji wake wote huteka maji kwenye bomba moja na kila mmoja hujua mwenzake amepika nini. Mama aliyeniita huuza maharage na mahindi pale sokoni. Binti yake alisoma EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, na matokeo yake ni mazuri. Simu ya mama ilikuwa imepokea ujumbe kwamba binti amechaguliwa katika vyuo viwili: Chuo cha Uhasibu Arusha, hapa hapa Njiro, shahada ya uhasibu, na Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, shahada ya mipango miji. Alitakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu ya siri kabla dirisha halijafungwa.

Nilikuta kikao. Mama alikuwa kwenye kigoda, khanga yake ya sokoni ina vumbi la maharage. Kaka yake mama, ambaye ni dereva wa magari ya watalii, alikuwa ameegemea mlango. Alikuwepo pia mpangaji mmoja, mwalimu mstaafu, aliyeitwa kwa kuwa katika nyumba ile yeye ndiye mtu wa mambo ya vyuo. Binti mwenyewe alikuwa uani akiosha vyombo, kana kwamba kikao kile kinamhusu mtu mwingine.

Mjomba mtu alikuwa amekwisha kukata shauri. "Uhasibu," alisema. "Umewahi kuona ofisi isiyo na mhasibu? Hao wa mipango miji mimi nawajua, ni wale wanaokuja na rangi nyekundu kuandika X kwenye nyumba za watu." Watu walicheka. Mama hakucheka. Alinigeukia akaniuliza, "Wewe unayesoma habari redioni, niambie. Hii kozi ya mipango miji ina kazi?"

Nikiri hapa kwamba sikumjibu palepale. Nilitoka uani kumwona mwenye shughuli.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unasemaje?"

Aliendelea kusugua sufuria. Kisha akaniambia maneno ambayo nimekaa nayo juma zima. "Mimi hata sijui kama naipenda hiyo mipango miji. Niliiandika kwa sababu niliona Jiografia ndani yake. Uhasibu niliandika kwa sababu ya mama. Sasa naogopa. Nikichagua vibaya, si ndiyo basi tena?"

Basi hayo ni maswali mawili. La mama ni, kozi ina kazi? La binti ni, nikikosea ndiyo basi? Nitaanza na la mama kwa kuwa ndilo kongwe, na kwa kuwa mwalimu mstaafu alitupa asili yake pale pale barazani. "Enzi zetu," alisema, "hakuna mtu aliyeuliza hivyo. Chuo kilikuwa ndiyo kazi."

Alisema kweli. Chuo Kikuu cha kwanza Tanganyika kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Fani ilikuwa moja tu, Sheria. Nchi ilipata uhuru ikiwa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili, kama Mwalimu Nyerere alivyopenda kukumbusha. Kwa hiyo Serikali haikuuliza kijana anapenda nini. Ilihesabu kwanza. Katika mwaka 1962 mtaalamu aitwaye George Tobias alifanyiza hesabu ya watu wenye ujuzi wa juu watakaohitajika hadi 1967, na Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza 1964, ukaweka lengo kwamba ifikapo 1980 Tanganyika ijitosheleze kwa wataalamu. Nafasi za chuo na misaada ya masomo vilifuata hesabu hizo. Aliyepokea msaada aliahidi kuitumikia Serikali, na Serikali nayo ilimwekea kiti. Kitivo cha Tiba kilipoongezwa 1968, cha Kilimo 1969 kule Morogoro na cha Uhandisi 1973, kila kiti darasani kilikuwa na mwenzake ofisini, hospitalini au kiwandani.

Hata Azimio la Musoma la 1974, lililomtaka kijana afanye kazi kwanza miaka isiyopungua miwili ndipo aende Chuo Kikuu kwa barua ya mwajiri na ya tawi la chama, halikuuvunja mkataba huo. Liliugeuza tu mbele nyuma, kazi ikatangulia chuo. Watu wa umri wa mwalimu wetu walilalamika sana, lakini naye alikiri kwamba wale walioingia kwa njia hiyo walijua wanakwenda kusoma nini na kwa nini, maana walikuwa wameiona kazi yenyewe kwa macho.

Mkataba ulichanika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ilipunguza wafanyakazi, ikaacha kumpangia kazi kila aliyehitimu, na wazazi wakaanza kuchangia gharama za masomo. Hapa Arusha viwanda kama Kiltex na General Tyre, vilivyokuwa vikipokea vijana wenye vyeti, vilifungwa kimoja baada ya kingine. Ualimu ndio uliobaki na mkataba wa kizamani muda mrefu kuliko kazi nyingi. Hadi mwaka 2015 hivi, mwenye cheti cha ualimu alisubiri orodha, akaona jina lake, akabeba begi akaenda kituoni. Ndiyo maana katika miaka ile vijana wengi walijaza kozi za ualimu bila hata kupenda watoto. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na tangu hapo mwalimu, hasa wa masomo ya sanaa, anaomba nafasi na kushindana na maelfu kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo mama wa Kilombero hakosei kuuliza. Alilirithi swali hilo kutoka wakati lilipokuwa na jibu. Shida ni kwamba aliyekuwa akilijibu ameondoka zamani, na siku hizi analijibu kila mpita njia mwenye sauti nzito. Mjomba anayeendesha magari ya watalii anajibu kwa yale aliyoyaona barabarani. Jirani anajibu kwa habari za mtoto wa shangazi yake. Na sisi wa redio, Mungu atusamehe, kila mwaka tunaleta mgeni studioni kutaja "kozi zenye soko", kana kwamba soko hilo litasimama mahali pamoja kwa miaka minne likimngoja mtu ahitimu.

Kitu kinachoweza kujibiwa leo ni tofauti kidogo. Baada ya kozi kuna geti gani, na nani anashika ufunguo? Watu wengi wa mjini hudhani shahada ndiyo kazi. Sivyo. Tuchukue Sheria, ile fani kongwe. Mwenye shahada ya sheria si wakili. Tangu kuanzishwa kwa Shule ya Sheria kwa Vitendo, kwa sheria ya mwaka 2007, anayetaka uwakili anatakiwa kupita huko na kufaulu. Mwaka 2022 matokeo ya shule hiyo yaliishtua nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Ikaundwa kamati kuchunguza, watu wakabishana ni kosa la nani. Mimi nilikuwa nikiwaza tu wazazi wangapi walikuwa wamekwisha kuwaambia majirani kwamba mtoto wao ni wakili.

Udaktari nao ni miaka mitano ya darasani na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini ndipo usajili kamili. Na uhasibu, ambao mjomba aliusifu, unalo geti lake. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina mitihani yake ya CPA, na mwajiri anayetafuta mhasibu wa kuweka sahihi yake chini ya hesabu hatosheki na shahada peke yake. Kila ofisi ina mhasibu, ni kweli. Lakini kila ofisi pia ina watu kadhaa wenye shahada ya uhasibu wanaopanga risiti.

Na mipango miji? Ipo Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, kwa sheria ya mwaka 2007, mwaka uleule iliyopitishwa Sheria ya Mipango Miji yenyewe. Ofisi za halmashauri zinawahitaji kwa mujibu wa sheria, ingawa nafasi hazifunguliwi kila siku. Katika miaka ya karibuni yamezuka pia makampuni binafsi yanayofanya urasimishaji, ile kazi ya kupima na kupanga mitaa ambayo watu walikwisha kujijengea, wapate hati. Anayekaa Arusha na kuuona mji ulivyopanda kuelekea Mlima Meru, nyumba zikitangulia na barabara ikifuata nyuma kwa kuchelewa, hatauliza kama kazi hiyo ipo. Atauliza nani atailipa.

Sasa nilitazame swali la binti, ambalo kwangu mimi ndilo zito. Nikikosea, ndiyo basi?

Hofu hii ina sababu yake katika jinsi elimu yetu ilivyopangwa. Marekani mwanafunzi anaweza kuingia chuo bila kutaja fani, akasoma hili na lile, akachagua mwishoni mwa mwaka wa pili. Sisi tulirithi mtindo wa Uingereza, kwamba mtu anaomba fani, haombi chuo tu, na anaomba akiwa hajawahi kuhudhuria hata somo moja la fani hiyo. Binti yetu alisoma Jiografia miaka sita. Mipango miji hajawahi kuiona. Uhasibu aliuacha kidato cha pili. Anapoulizwa anapenda kipi, anaulizwa kama mtu anayeonyeshwa vyungu viwili vilivyofunikwa.

Lakini nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi walimu wangu wa zamani. Uchaguzi mkubwa kuliko wote haufanyiki wakati huu. Ulikwisha kufanyika kidato cha nne, wakati mtoto ana miaka kumi na sita au kumi na saba, katika mchepuo. Kombi kama vijana wanavyosema, au tahasusi kama Serikali inavyoandika. Pale ndipo milango ilipofungwa kwa kishindo na hakuna aliyeitisha kikao. Binti huyu alipopangiwa EGM, udaktari, ufamasia na kozi nyingi za uhandisi ziliaga siku hiyohiyo. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi kufikia 65, jambo ambalo nilipolisikia nililifurahia, kisha nikajiuliza ni nani katika shule ya kata atakayekaa na mtoto mmoja mmoja kumweleza kila moja inafunga nini. Familia nyingi ninazozijua huanza kujadili wakati wa chuo, wakati robo tatu ya mambo imekwisha kuamuliwa na fomu iliyojazwa kwa dakika kumi.

Kwa hiyo kilichobaki mbele ya binti ni kidogo kuliko alivyodhani, na hilo lenyewe lilimpunguzia hofu nilipomweleza. Tulikaa na ule mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu huutoa kila mwaka, tukasoma mistari yake. Ni kitabu kikavu kama ratiba ya mabasi: jina la kozi, masharti ya kuingia, pointi, idadi ya nafasi, miaka. Kwa jumla mwenye kidato cha sita huhitaji ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, na kozi nyingine zinadai zaidi. Tukauliza swali moja juu ya kila kozi. Ukishaisoma hii, na ukabadili mawazo ukiwa na miaka ishirini na tano, unaweza kwenda wapi?

Jibu lilitushangaza sote. Mwenye shahada ya fani nyingine huruhusiwa kuanza mitihani ile ya CPA, ila huanzia ngazi ya chini kuliko mwenye shahada ya uhasibu. Yaani mtu wa mipango miji akichoka na ramani, mlango wa uhasibu bado uko wazi, japo ngazi ni ndefu zaidi. Kinyume chake si rahisi. Mwenye shahada ya uhasibu akitaka kuwa mpanga miji aliyesajiliwa, mara nyingi safari yake ni kurudi mwanzo. Kozi ambayo familia iliiona ya hatari ndiyo iliyofunga milango michache. Simaanishi kwamba ni hivyo kwa kila kozi na kila mtu. Namaanisha kwamba hakuna aliyekuwa ameuliza.

Vilevile wachache wanajua kwamba mwanafunzi anaweza kuhama kozi, au hata chuo, katika majuma ya mwanzo ya mwaka wa kwanza, alimradi awe na sifa za kozi anayohamia na nafasi iwepo. Dirisha lenyewe ni jembamba, na anayelala mabwenini mwezi mzima akisema "nitaona" hulikuta limefungwa.

Yote hayo ni karatasi. Nilimwambia binti, sasa twende tukafunue vyungu.

Ijumaa tulipanda kifodi hadi Njiro. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu wa uhasibu, mtoto wa rafiki yangu, alikubali kutuonyesha madaftari yake. Nilimwomba asituambie chuo ni kizuri au kibaya, atuonyeshe tu kazi aliyoipewa wiki ya mwisho ya muhula. Alifungua ukurasa wa hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu zilizounganishwa, kurasa nne za safu za tarakimu, na swali la kodi linaloanza na habari ya mtu aliyeuza lori. Binti alisoma kwa makini. Akauliza maswali mawili, yote ya maana. Njiani akaniambia, "Hii naiweza." Nilisubiri aongeze neno. Hakuongeza.

Jumatatu alikwenda kumwona mzee mmoja aliyefanya kazi ya mipango miji maisha yake yote na sasa amestaafu. Sikumsindikiza. Mzee hakumfungulia vitabu, alimchukua wakatembea kutoka Levolosi kuelekea Kaloleni, akiwa na nakala ya ramani ya zamani iliyokunjwa mara nane. Alimwonyesha mahali ambapo ramani inasema njia ya mita sita na leo mtu hupita kwa ubavu. Alimwambia pia ukweli usiopendeza, kwamba kuchora ramani ni siku moja na mikutano ni mwaka mzima. Kwamba atakaa na watu wenye hasira, kila mmoja na risiti yake ya mkono ya kiwanja kilekile. Kwamba ataagizwa na wakubwa kugeuza uwanja wa watoto kuwa viwanja vya maduka, na siku hiyo atajua kama yeye ni mtaalamu au ni mwenye kalamu tu. Na ile X nyekundu ya mjomba, mzee alisema, mara nyingi huandikwa na mwingine kabisa, lakini lawama ni za mpango.

Jioni binti alirudi kwangu na karatasi tatu zilizojaa maswali. Kwa nini mfereji ule unaishia kwenye ukuta wa mtu? Nani alijua kwamba maji yatakuja? Kama nyumba ya kona ingesogezwa mita mbili, mama mwenye nyumba angelipwa na nani? Wakati wa mvua za masika maji huingia uani kwao, nami nadhani maswali yale hayakuanza Jumatatu. Yalikuwa yamekaa ndani yake miaka mingi bila kujua kwamba kuna mtu anayalipiwa mshahara ayajibu.

Vijana wengi husema hawajui wanachokipenda, nasi wazazi tunakasirika tukidhani ni uvivu. Mimi nilipokuwa kidato cha nne nilitaka sheria kwa sababu wakili mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na tai nzuri. Nilifika kwenye stashahada ya uandishi wa habari kwa kukosa pointi za kitu kingine, na nikaipenda kazi hii mwaka wa pili, siku niliporekodi sauti kwa mara ya kwanza. Mtu hupenda kazi baada ya kuigusa. Kumwuliza kijana anapenda nini kabla hajagusa chochote, kisha kumlaumu kwa kusitasita, ni kumwonea. Kusitasita kwa binti huyu kulikuwa ni akili. Alikuwa anajua kwamba hajui, na katika kikao kile yeye peke yake ndiye aliyekuwa katika hali hiyo.

Limebaki jambo la fedha, na hapa sina ucheshi. Njiro ni nauli ya kifodi, na binti atakula na kulala kwao. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, chumba, chakula, na mji usio na shangazi. Mama anaweza kumudu la kwanza kwa shida. La pili hawezi bila mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, imewasomesha watoto wengi wa wauza maharage, nami siipuuzi. Huangalia hali ya familia na fani aliyopangiwa mwombaji, na mwenye kukopeshwa akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Haya yanaeleweka. Lakini tazama kalenda. Kijana anathibitisha chuo Septemba. Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu, na kwa kawaida ni Oktoba. Anatakiwa achague chungu kabla hajajua kama ana kijiko. Mtoto wa mwenye nacho anathibitisha anachokitaka na kungoja kwa amani. Mtoto wa Kilombero anathibitisha anachokimudu kama mkopo ukikosekana, na mara nyingi mkopo ukija baadaye hukuta mtoto amekwisha kujipunguzia mwenyewe. Tunapoona fani fulani zimejaa watoto wa aina moja, tusidhani ni vipaji. Tangu mwaka 2017 waombaji wa vyuo vikuu huomba moja kwa moja vyuoni, na kila chuo kina tarehe zake ndani ya kalenda ya Tume. Tume na Bodi ni vyombo vya Serikali moja, chini ya Wizara moja. Kukaa meza moja na kusogeza tarehe mbili si kazi ya kumshinda mtu.

Nilirudi Levolosi Jumanne usiku. Safari hii binti alikuwa ameketi barazani na wengine. Aliwaeleza mwenyewe habari ya mageti na milango, kwa utaratibu, kama mtu anayefundisha. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo huko unaweza kurudi kwenye uhasibu, lakini huku huwezi kwenda kule?" Akajibiwa ndivyo. Akanyamaza, kisha akasema yeye atatoa nauli ya basi ya kwenda, ya kurudi watafute wengine. Mwalimu mstaafu alitaka kueleza Azimio la Musoma upya lakini hakupata nafasi.

Mama alikuwa akihesabu kwa vidole. Aliuliza muhula mmoja wa Dar es Salaam ni magunia mangapi ya maharage. Tulikokotoa pamoja, kwa bei ya siku ile. Hakuitaja hesabu ile kwa sauti, nami sitaitaja hapa. Kisha akamwambia binti yake, "Nenda kathibitishe, kabla sijabadilika."

Walikwenda asubuhi yake kwenye steshenari moja jirani na soko, maana kioo cha simu ya binti kilikuwa bado kimevunjika. Kijana wa steshenari aliingiza namba ya siri, akabonyeza, akatoza pesa yake. Ni Chuo Kikuu Ardhi. Hadi ninapoyasoma mazungumzo haya majina ya mkopo hayajatoka, na gunia la kwanza, nimeambiwa, mama amekwisha kuliweka pembeni.